Kiti cha Philémon

Saa kumi na moja jioni, siku ya Jumatano, Maman Pascaline alirudi kwenye gereji yake ya Nyawera, mjini Bukavu, na kopo la mafuta ya ng'ombe mkononi, tayari kuipaka ngozi ya kiti. Baiskeli ilikuwa pale pale, imeegemea meza ya kazi. Kiti hakikuwepo.

Hakupiga kelele. Aliweka kopo chini, akavaa miwani, akaanza kuangalia vilivyobaki, kama alivyozoea kufanya katika nyumba za watu waliouawa. Taa ya mbele ilikuwepo, ile aliyoing'arisha kwa majivu na ndimu. Dinamo ilikuwepo. Breki za vyuma virefu, kengele, keria ya nyuma, na kifuniko cha mnyororo kilicholetwa mchana huo huo, vyote vilikuwa mahali pake. Pale ambapo kiti kilikuwa kimesimama palibaki mdomo wa bomba, mweusi, umeachama kuelekea dari.

Maman Pascaline alikuwa OPJ, yaani ofisa wa polisi wa upelelezi, kwa muda mrefu kiasi kwamba kuna wezi wa Kadutu waliozeeka pamoja naye na kuanza kumwita shangazi. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye alifuga baiskeli. Alizinunua zikiwa zimekufa, akazisafisha, akazifufua, na sharti lake lilikuwa moja tu: baiskeli ya enzi za Wabelgiji haiwekewi kitu kilichozaliwa baada ya Wabelgiji kuondoka. Kwa ajili ya skrubu moja ya umri unaofaa aliwahi kuvuka hadi kisiwa cha Idjwi, na watu husema alirudi nayo mdomoni, amefunga midomo njia nzima, ili ziwa lisimnyang'anye.

Aliinama kuangalia nati inayobana bomba la kiti. Hapo ndipo alipolazimika kukaa kwenye kigoda.

Nati ilikuwa imefunguliwa, kiti kikachomolewa pamoja na bomba lake, kisha nati ikarudishwa na kukazwa tena. Mwizi gani anakaza nati akishamaliza kuiba? Tena pembe zake zote sita zilikuwa kali kama siku ilipotoka kiwandani. Nati za baiskeli za Kiingereza za zamani, kama hii, hazikupimwa kwa milimita. Spana za sokoni, moja haiingii, nyingine inacheza, na spana inayocheza hulamba pembe za nati mpaka iwe mviringo kama kokoto. Spana ya Kiingereza ilikuwa moja tu gerejini mle, na siku hiyo ilikuwa kwenye mkoba wake, kwa sababu alikuwa ameipeleka kwa fundi wa mtaa wa Feu Rouge ili amchongee nyingine kama hiyo.

Kwa hiyo mwizi alikuja na spana yake.

Alimwita Thierry, sentineli wa getini, mwanamume wa makamo anayelinda nyumba kwa kulala macho wazi.

"Leo nani aliingia humu?"

"Batatu, maman. Willy wa Kadutu alileta ile karter ya munyororo. Kisha Murhula, mwana wa Maman Adolphine. Kisha tonton yake, baba yake mudogo, Papa Chrispin, alikuya na mwaliko wa matanga ya Samedi."

"Na wewe uliwaacha humu peke yao?"

"Walisema watakungojea kidogo. Biko batu bakubwa, maman. Nibachunge kama mbuzi?"

"Walibeba nini?"

Thierry alifikiri. "Willy na mufuko. Murhula na ile sac yake, mukoba ya bureau. Papa Chrispin na ile koti yake ya mvua. Ile haivulake, hata jua ikiwaka."

Wote watatu wangeweza kutoka na kiti, na yeyote kati yao angekuwa amembeba mtu.

* * *

Hilo linahitaji maelezo, na maelezo yake yanaanza Jumatatu iliyotangulia.

Jumatatu Maman Adolphine, rafiki yake wa parokia, alipita kumsalimia. Aliingia gerejini akiongea habari ya kwaya, akapitisha mkono kwenye kiti cha baiskeli ile nyeusi, kama mtu anayegusa meza akipita. Mkono ukakwama. Maneno ya kwaya yakakatika katikati.

"Philémon," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkuta mwenzake mlangoni.

Philémon alikuwa mume wake. Alikuwa moniteur wa kilimo, yaani bwana shamba, na mwaka wa kwanza wa vita aliondoka nyumbani alfajiri juu ya baiskeli yake, pamoja na mdogo wake Chrispin aliyekaa nyuma kwenye keria, kutafuta mahali ambapo jamaa ingeweza kukimbilia. Chrispin alirudi baadaye kwa miguu, peke yake. Alisema walifika Luvungi, kule chini kwenye bonde la Ruzizi, na kwamba Philémon alimwambia amngoje, akaenda mbele na baiskeli, hakuonekana tena. Tangu wakati huo Adolphine alishuka Luvungi mara nyingi. Alibisha nyumba kwa nyumba. Alirudi na mchanga wa bondeni umejaa viatuni, ule mchanga mweupe mwepesi kama unga, na bila habari.

"Unajuaje kama iko ya kwake?" Pascaline alimuuliza. "Kinga nyeusi, baiskeli kama hii, ziko mingi."

"Weka mukono hapa. Upande wa kushoto."

Pascaline aliweka. Ngozi ya kiti cha zamani si kama plastiki, inamkariri mtu. Ikikaliwa miaka, inashuka pale anaposhuka, inabaki na umbo lake hata akiondoka. Kiti hiki kilikuwa kimezama upande mmoja, shimo refu la kushoto, na kulia kimebaki juu kama kipya.

"Alivunjikaka nyonga akiwa mutoto," Adolphine alisema. "Alikuwa anakaa upande. Hiyo shimo ni yeye." Kisha akaendelea. "Samedi tunamaliza matanga. Chrispin njo mukubwa wa jamaa sasa, amepanga yote. Batazika mugomba mahali pa mwili. Wakishazika, hakuna mutu atauliza tena Philémon alifia wapi. Hata mimi sitaruhusiwa. Nilikubali, Pascaline. Nilichoka. Sasa kinga imerudi. Kama kinga imerudi, yeye iko wapi?"

Ilikuwa desturi ya jamaa ile: mtu aliyepotea bila mwili huzikwa kwa shina la mgomba lililovishwa shati lake, na mkubwa wa jamaa huleta udongo wa mahali alipofia, ukamwagwa juu. Baada ya hapo jina lake hufungwa. Anayeendelea kumtafuta anamwamsha, na aliyeamshwa hana tena pa kurudi.

Adolphine alikuwa na mpaka Jumamosi.

Tangu alipotoka jioni ile, gereji haikuwa tena gereji. Asubuhi ya Jumanne gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka polepole, tik, tik, tik, bila mtu. Pascaline alijiambia ni upepo wa ziwa, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Jirani mmoja anaapa kwamba aliona taa ya mbele imewaka mchana kweupe. Lakini jirani huyo anaapa pia kwamba aliwahi kumwona kiboko akisimamisha teksi, kwa hiyo jambo hilo tuliache.

* * *

Alhamisi, saa nne asubuhi, Pascaline alikuwa sokoni Kadutu, mbele ya kibanda cha Willy.

"Maman OPJ," Willy alisema, akifuta kigoda kwa kiganja. "Umekuya kununua ao kunifunga?"

"Itategemea wewe. Kiti iko wapi?"

"Kiti gani?"

"Ile ya askofu."

Kwa Willy kila baiskeli ya zamani ilikuwa ya askofu. Ukimsikiliza yeye, Kivu ya zamani ilikuwa na maaskofu wengi kuliko waumini, na wote walishinda juu ya pedali.

"Kiti imeibwa? Maman, mimi niliuzisha hiyo kinga. Nitaiba kitu nimeshauzisha?"

"Wewe? Ungeweza kuniuzishia mara ya pili. Mwaga clé zako hapa."

Willy alimwaga spana zake juu ya gunia. Pascaline alitoa mfukoni nati ya Kiingereza, dada wa ile ya gerejini, akaibana kwenye jiliwa la Willy. "Fungua hii."

Kumi na tatu haikuingia. Kumi na nne ilicheza. Willy alichukua clé à molette, ile spana ya kurekebisha mdomo, akabana kwa nguvu zake zote. Ilipoteleza, pembe mbili za nati zilikuwa zimelambwa.

"Unaona? Si miye."

"Naona. Sasa uniambie ile kinga uliitosha wapi, kwa nani. Na nisisikie neno askofu."

Willy alikuna shingo. "Nikisema kweli utakasirika?"

"Nitakasirika ukisema uongo."

"Katana. Kwa muzee mumoja mulimaji, chini ya mission. Ilikuwa mu kibanda ya mbuzi, kuku zinalalia ku gidoni, ku usukani. Alisema iko pale tangu vita. Kuna mutu alikuya asubuhi moja anatetemeka, akamuachia kinga muzima, akaomba houe, jembe ya kulimia, na mukeka."

Pascaline aliitoa nati kwenye jiliwa. "Houe na mukeka?"

"Houe na mukeka. Muzee alikuwa anacheka kila akisimulia. Anasema hajaonaka commerce mubaya kama ile."

"Naweza kumuona?"

"Alikufa, maman. Juzi juzi, ku Pasaka."

Pascaline alirudi kwa miguu. Katana iko kaskazini, kando ya ziwa. Luvungi iko kusini. Ukitoka Bukavu huwezi kwenda huku na kule kwa pedali zile zile. Na mtu anayekimbia vita haachi baiskeli ili achukue jembe, isipokuwa ana kitu cha kuzika, na hakuna cha kukifunika zaidi ya mkeka.

* * *

Ijumaa asubuhi alimkuta Murhula ofisini kwake, kwenye shirika moja linalochimba visima vya maji. Murhula alikuwa na miaka sita baba yake alipoondoka. Sasa alikuwa na upara unaoanza, tai, na macho ya mtu aliyelala vibaya.

"Mercredi uliingia kwangu," Pascaline alisema.

"Niliingia."

"Kufanya nini?"

"Ukweli, maman? Nilitaka kuitupa mu ziwa. Kinga yote." Alifunga mlango wa ofisi. "Maman yangu alikuwa amekubali. Alikuwa ameacha kupakua sahani ya papa yangu. Sasa tangu lundi, ile siku aligusa kiti, anapakua tena. Anaacha mulango haifungwe. Miye niko mutu mukubwa, lakini nikipita ile sahani naogopa kama mutoto."

"Kwa nini hukuitupa?"

"Nilisimama tu. Gurudumu ikaanza kufanya tik, tik. Sikuigusa. Nikatoka." Alitazama mikono yake. "Utacheka."

"Sicheki. Ulikuwa na clé?"

"Maman Pascaline, miye hata chupa ya bia ya Primus nafunguliwa na muke yangu."

Hapo ndipo alipomuuliza swali alilokuja nalo. "Na papa yako? Alikuwa anafungua nati kwa kitu gani?"

Uso wa Murhula ulibadilika, ukawa mdogo. "Clé moja, ya bapa, ina matundu mingi. Ilikuya pamoja na kinga tangu mupya. Alikuwa anaivaa mu shingo na kamba, kama rozari. Nikilia ananipa niinyonye. Mpaka leo ladha yake naijua." Akatabasamu kidogo. "Na alikuwa mukali kwa ile kinga. Ukifungua nati, unakaza palepale, hata kama nyumba inaungua. Yeye njo alimufundisha tonton Chrispin, kwa makofi."

"Ile clé ilibaki nyumbani?"

"Haikutokaka shingoni kwake, maman. Ilienda naye."

Pascaline alishuka kutoka pale kwa miguu. Spana iliyokuwa shingoni mwa mtu aliyepotea ilikuwa imeingia gerejini mwake Jumatano mchana. Kwa kina mama wa parokia upelelezi ungeishia hapo: marehemu amekuja kuchukua kiti chake. Yeye mwenyewe aliwaza hivyo kwa muda wa barabara mbili. Kisha akakumbuka kwamba Thierry alisalimiwa na wote watatu, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kusikia marehemu akimsalimia sentineli.

Saa kumi jioni alipanda Cimpunda, nyumbani kwa Chrispin. Alimkuta mke wake tu, Maombi, anachagua maharage.

"Papa Chrispin hayuko. Ameenda kuleta udongo, Luvungi. Kesho njo matanga."

"Anaendeleaje?"

Maombi aliangalia nyuma yake kabla ya kujibu. "Halali tangu Mercredi. Anakaa ku ncha ya kitanda, taa inawaka. Anasema, sogea, sogea kidogo. Namuuliza, unaniambia miye? Anasema, hapana, si wewe."

"Chini ya kitanda kuna nini?"

"Amenikataza kufagia pale," Maombi alisema, na maharage yakamponyoka.

Pascaline hakuinama kuangalia. Kiti peke yake kisingemrudishia Adolphine kitu: Chrispin angesema alikichukua kwa uchungu wa kaka yake, na spana aliachiwa Luvungi, na nani angembishia? Mzee wa Katana alikuwa amekufa. Ilibidi Chrispin mwenyewe aseme mahali. Usiku huo alikaa barazani akiiwaza tabia ya mtu huyo. Amewadanganya walio hai miaka na miaka bila kupepesa. Lakini kiti kikuukuu kimemnyima usingizi, na nati aliikaza kama anatazamwa. Mtu kama huyo angeleta udongo gani?

* * *

Jumamosi saa tatu asubuhi jamaa ilikusanyika uani kwa Adolphine, Bagira. Shina la mgomba lilikuwa juu ya mkeka, limevishwa shati jeupe la Philémon, mikono ya shati imekunjwa kifuani. Wanawake walikuwa wameacha kuimba. Chrispin alisimama mbele, mzee mrefu ndani ya koti lake la mvua, ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa fundo.

"Huu udongo nimeutosha Luvungi," alisema, "mahali nilimuachaka kaka yangu, karibu ya mto. Leo alale. Na sisi tulale."

"Papa Chrispin," Pascaline alisema kutoka safu ya nyuma, "kabla ya kulala. Mukifika Luvungi, kinga ilikuwa na nani?"

Watu waligeuka. Chrispin alimtazama bila hasira. "Maman OPJ, hapa si parquet, si mahali pa mashitaka. Ilikuwa naye. Alipanda akaenda. Niliona mugongo yake mpaka ikapotea."

"Basi ilipitia wapi mpaka ikafika Katana, mu kibanda ya mbuzi?"

"Vita ilikuwa inatembeza vitu."

"Kweli. Inatembeza vitu." Pascaline alimgeukia rafiki yake. "Adolphine, wewe ulienda Luvungi mara ngapi?"

"Sijue. Viatu njo vinajua."

"Udongo wa kule unaujua?"

Adolphine alikuwa tayari amesimama, ameshika mgongo wa kiti cha plastiki, mkono mwingine ameunyoosha kwa shemeji yake. "Nipe niushike."

"Desturi haikubali, shemeji. Ufunguliwe juu ya kaburi."

"Mimi njo mujane. Nipe."

Chrispin alitazama wazee, wazee wakatazama shina la mgomba. Akampa.

Adolphine alifungua fundo kwa meno. Udongo ulikuwa mwekundu wa kahawia, mzito, una mizizi myembamba kama nywele. Aliuchukua kiganjani akakunja ngumi. Alipofungua, ulibaki umeshikana, una alama za vidole vyake.

"Luvungi ni muchanga," alisema polepole. "Ukiukamata, unatoroka. Miaka yote nilikuwa naukamata, na unatoroka."

"Mvua ilinyesha," Chrispin alisema.

"Mvua haitie muchanga rangi." Pascaline alikuwa amefika mbele sasa, na aliongea taratibu, karibu kwa huruma. "Papa Chrispin, ungeweza kuchota udongo hapa nje ya mulango. Nani angejua? Ungeweza hata kushuka Luvungi kweli. Lakini jana ulipanda gari ya Katana. Sisi umetudanganya miaka yote. Yeye uliogopa kumudanganya. Ulijua akimwagiwa udongo wa mahali hakufia, hatalala, na anajua kwako ni wapi. Mercredi uliingia kwangu ukachukua kiti, kwa sababu bila kiti ile ni kinga tu nyeusi kama zingine. Ulifungua na clé yake. Na ukakaza nati. Kwa nini uliikaza?"

Mkono wa Chrispin ulipanda wenyewe mpaka kwenye kola ya koti, ukavuta kamba. Spana bapa yenye matundu mengi ilitokea, nyeusi kwa jasho la miaka. Murhula, aliyekuwa amesimama kando ya mlango, alitoa sauti ndogo kama mtu aliyechomwa sindano.

"Alikuwa nyuma yangu," Chrispin alisema. "Gerejini. Nilimusikia anasema, Chrispin, nati."

Adolphine alimsogelea mpaka vichwa vyao vikakaribiana. "Sema mahali."

"Mbele ya Katana. Risasi ilimukamata mu paja. Hakukuwa hata mbali na hospitali ya mission. Akaniambia, niweke ku keria, unisukume, ni mwendo kidogo tu." Aliikunja spana ndani ya ngumi. "Nikamuinua nusu. Bakaanza tena kupiga. Nikaruka ku kinga, nikakimbia. Nilijificha ng'ambo ya bonde, mu kahawa, na nilikuwa namusikia. Alikuwa anaita jina yangu. Si kwa hasira. Anaita tu, kama mutu anaita mwenzake aje kula. Mpaka asubuhi. Nilirudi, alikuwa ameshapoa. Nikatoa kinga, nikapata houe na mukeka, nikamuzika chini ya muti ya luvumu, juu ya njia. Nilichukua clé nikuletee. Nikashindwa."

"Kwa nini Luvungi?" Adolphine aliuliza.

"Kwa sababu Katana kulikuwa batu. Na bao balimusikia. Ungeenda kuuliza, bangekuambia alikuwa anaita nani."

"Kiti je?" Murhula aliuliza.

"Nilifika nacho ku ziwa, nikitupe. Kilikuwa kizito. Nilishindwa kukirusha. Kilikuwa kizito kama kinakaliwa." Akamtazama Adolphine kwa mara ya kwanza. "Shemeji, bado ninamusikia. Hata sasa. Hata hapa."

Mjomba mmoja aliinuka akasema watu waende polisi. Mwingine akasema waitwe wazee wa ukoo. Pascaline alisema kwamba njia ya parquet iko wazi, kwamba anajua mlango wa kubisha, na kwamba ni mjane atakayeamua.

Adolphine alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Udongo ulikuwa bado kiganjani, hakutaka kuumwaga popote.

"Parquet itamufunga, na mimi Philémon wangu ataendelea kulala njiani," alisema. "Tosheni ile shati ku mugomba. Chrispin, alikuomba umusukume. Utamusukuma."

* * *

Ruhusa ya chifu wa Katana ilipatikana, na pale chini ya mti wa luvumu jembe liliukuta mkeka uliooza mahali hasa ambapo Chrispin aliweka fimbo. Adolphine alikaa ukingoni na kupokea mfupa mmoja mmoja ndani ya shuka. Paja lilipotolewa, na nyonga iliyoungana vibaya tangu utotoni, aliishika muda mrefu kuliko mifupa mingine.

Pascaline alikuwa ameirudisha baiskeli yote: kiti mahali pake, ngozi imepakwa mafuta, ekseli zimetiwa grisi, keria ya umri wake imekazwa kwa spana ya Philémon. Sanduku lilikuwa dogo. Walilifunga kwenye keria kwa mipira ya tairi, kama watu wafungavyo mizigo.

Chrispin alisukuma. Alikuwa mtu wa miaka zaidi ya sabini, na barabara ya kutoka Katana mpaka Bagira si fupi. Kwenye mteremko wa Kavumu watu walivua kofia. Pale Miti kijana wa pikipiki alisimama, akataka kusaidia, Adolphine akamwambia kupitia dirisha la gari aendelee na safari yake. Gari la Murhula lilifuata nyuma polepole, Adolphine na Pascaline wakiwa ndani. Pascaline anasema kwamba sanduku lile lingebebwa na mtoto, lakini matairi yalikuwa yamekaa chini kama yamebeba magunia mawili ya simenti, na mizani ya macho yake haijawahi kukosea hivyo.

Baada ya Mudaka barabara ilianza kupanda. Chrispin alifika katikati ya kilima, akasimama, ameegemea gidoni. Koti lilikuwa limelowa. Aligeuka kuelekea gari.

"Shemeji," alisema. "Naomba nipumuzike kidogo."

Adolphine alishusha kioo.

"Usiniombe mimi," alisema. "Muulize yeye."

Chrispin akapinda mgongo, akaweka mdomo karibu na mbao za sanduku, akauliza, kwa sauti ambayo garini hakuna aliyeisikia. Alibaki ameinama hivyo, ameelekeza sikio, na magari mawili yakapita na vumbi lake.

Aliponyooka alikuwa analia. Alikamata gidoni, akaweka mguu mmoja mbele ya mwingine, akaanza tena kusukuma.